Pahali padogo panapouma karibu na mtulinga: chanzo chake huweza kuwa nini?

Mwalimu wa Kimara

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa sekondari. Ninaishi Kimara na shule ninayofundisha iko upande wa mjini. Kwa wiki 3 sasa nina pahali padogo, pasipozidi upana wa sarafu ya shilingi mia, chini kidogo ya mtulinga wa kulia (ule mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani) na karibu na katikati ya kifua, panaponiuma kila nikipagusa. Nilipagundua asubuhi moja nikijifuta maji baada ya kuoga. Taulo lilipita hapo nikashtuka kama mtu aliyeguswa kidonda, lakini nilipotazama kwenye kioo sikuona kidonda, wekundu wala kipele.

Sikuanguka wala sikugongwa na kitu. Nisipopabonyeza na nisipojigeuza kitandani, naweza kukaa saa nyingi bila kupakumbuka. Kila siku ya kazi hubeba mkoba wa madaftari kwenye bega hilo hilo la kulia, na ndani ya basi la mwendokasi husimama nikiwa nimeshika bomba la juu kwa mkono wa kulia mpaka nishuke. Mwezi uliopita nilipata mafua yaliyofuatana na kikohozi kikali cha karibu siku 10, ingawa sasa kimekwisha. Homa sina.

Kinachoninyima usingizi si maumivu yenyewe. Mama yangu mzazi alifariki kwa saratani ya matiti, na tangu nilipopagusa pahali hapa moyo wangu haujatulia. Wifi yangu anasema ni mshipa uliokaa vibaya, nichuliwe kwa mafuta ya moto. Mwalimu mwenzangu anasema ni moyo. Jirani anasema ni baridi ya feni. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni mambo gani huweza kuleta maumivu ya aina hii, na ni dalili zipi zikitokea mtu hapaswi kusubiri.

Tabibu Mstaafu

Mwalimu, pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa wasiwasi, kwa maana mtoto aliyemuuguza mama yake hahitaji kuambiwa asiogope, anahitaji kuelezwa. Nilifanya kazi ya utabibu kwa miaka 34, kwanza katika zahanati na baadaye katika hospitali ya wilaya, na nilichojifunza kuhusu maumivu ya eneo hili ni kwamba mahali hasa yalipo hueleza mengi kuliko ukali wake. Mgonjwa akisema kifua kinamuuma huku akipapasa kwa kiganja kizima, tabibu bado hajashika lolote. Akionesha kwa ncha ya kidole kimoja, sehemu kubwa ya kazi imekwisha fanyika.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kituoni, simama mbele ya kioo penye mwanga mzuri. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, kisha kisogeze kulia: mfupa utakaokutana nao kwanza, wenye kichwa kama fundo, ndio mwanzo wa mtulinga, na hapo pana kiungo kinachouunganisha na mfupa wa kidari. Ufuate mtulinga mpaka begani nako utakuta kiungo cha pili. Sasa rudi kwenye kishimo cha koo, ushuke katikati ya kidari kwa upana wa vidole vitatu hivi, na utagusa kigongo kidogo kilichokingama. Ubavu unaopokelewa pembeni ya kigongo hicho ni wa pili. Mfupa wa ubavu haufiki wenyewe kwenye kidari. Kati yao pana gegedu, yaani kiungio kigumu kinachonyumbulika kisicho mfupa, na gegedu hilo huweza kuwaka maumivu kwa sababu ambazo wengi hawazidhanii: kukohoa kwa siku nyingi, kuinua mzigo mzito, kuvuta au kusukuma kwa mkono mmoja kila siku. Maumivu yake huwa ya pahali pamoja, huongezeka ukipabonyeza, ukijigeuza kitandani au ukivuta pumzi ndefu, na pengine huambatana na uvimbe mdogo wa hapo hapo. Huchukua wiki kadhaa, na kwa baadhi ya watu miezi, kisha hutulia. Kwa maelezo yako, hasa kikohozi kile na bomba la mwendokasi, hapa ndipo ningeanza kupatazama, ingawa siwezi kusema ndicho bila kukugusa.

Maumivu yakiwa kwenye kile kichwa cha mtulinga chenyewe, fikra huelekea kwenye kiungo. Kiungo hicho huweza kuchakaa kwa umri na kwa kazi, na kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi huweza kuvimba kidogo bila madhara makubwa. Lakini kikivimba kwa siku chache, ngozi ikawa nyekundu na ya moto, na mwili ukapata homa, hilo ni jambo la siku hiyo hiyo, kwa kuwa usaha huweza kuingia ndani ya kiungo, na walio hatarini zaidi ni wenye kisukari, wenye VVU wasio kwenye dawa na wanaojidunga dawa za kulevya. Kwa mtoto au kijana mwenye selimundu, maumivu makali ya mfupa pamoja na homa yasichukuliwe kuwa ni yale ya kawaida yake, kwa sababu mfupa wenyewe huweza kuwa umeingiliwa na vijidudu.

Sasa nieleze kwa kirefu kidogo habari ya juu ya mtulinga, kwa sababu ndiko watu wengi hukosea. Katika kile kishimo kilicho kati ya mtulinga na shingo mna tezi za limfu, yale majimaji ya mwilini yasiyo damu. Tezi za shingoni na kwapani huvimba mara kwa mara kwa sababu ndogo, kama jino bovu, kidonda mkononi au chanjo iliyochomwa begani, kisha hurudi. Tezi za juu ya mtulinga hatuzipi uvumilivu wa namna hiyo. Upande wa kushoto, mfereji mkuu wa limfu unaopanda kutoka tumboni humimina ndani ya mshipa wa damu ulio nyuma ya mtulinga, na ndiyo maana saratani iliyojificha tumboni huweza kujitangaza kwa tezi ngumu ya hapo. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliieleza tangu karne ya 19, na mpaka leo tezi hiyo inaitwa kwa jina lake. Upande wa kulia hupokea zaidi limfu kutoka kifuani. Jambo la kushika ni kwamba tezi inayouma mara nyingi ni ya maambukizi, na ile ngumu kama jiwe, isiyouma na isiyosogea, ndiyo inayotutia hofu zaidi. Kutouma kwa uvimbe kusimtulize mtu hata kidogo. Uvimbe wowote wa juu ya mtulinga kwa mtu mzima, uume au usiume, uoneshwe kwa daktari.

Yako mengine nitayapitia upesi. Jipu au kinyweleo kilichoota ndani ya ngozi huonekana kwa jicho. Mkanda wa jeshi huanza kwa kuungua na kuchonyota upande mmoja wa mwili siku chache kabla ya malengelenge kutoka. Kwako wiki 3 zimepita bila malengelenge, hivyo sidhani kama ni huo, lakini msomaji mwingine atakayeyaona malengelenge ajue kwamba dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Ganzi inayoshuka mkononi hadi vidoleni, hasa ukiinua mkono, huonesha kwamba neva zinabanwa zinapopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Mkono ukivimba wote na kubadilika rangi ghafla, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na huko hakuna kungoja kesho. Mvutaji sigara wa miaka mingi mwenye maumivu ya bega yasiyoondoka, yanayoshuka upande wa ndani wa mkono, apigwe picha ya kifua, kwa sababu ncha ya pafu hupanda mpaka juu kidogo ya mtulinga na ugonjwa wake huweza kujifanya ugonjwa wa bega.

Kuhusu moyo, maumivu yake kwa kawaida hayaongezeki kwa kubonyezwa na kidole, nayo hukaa kama uzito au mkabano, pengine pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu, kukata pumzi, au maumivu yanayokwenda mkononi na kwenye taya. Ukipata hayo nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama pahali penyewe panauma pia ukipagusa.

Na tafadhali usichuliwe. Wifi yako anakutakia mema, lakini ikiwa chini ya mkono wa mchuaji pana mfupa wenye ufa, usaha au damu iliyoganda, kuchua huongeza madhara. Na ikiwa ni gegedu, kila kuchuliwa kunaliamsha upya.

Mchukuzi wa Kariakoo

Shikamoo Mzee Tabibu. Mwalimu, pole sana dada yangu. Mimi si mtaalamu, ninaeleza yaliyonipata.

Nimebeba mabelo ya mitumba kwa miaka 12, na maumivu ya mtulinga nimeyapata mara mbili, kila mara kwa namna yake. Mara ya kwanza yalikuwa kwenye ncha ya bega, pale mtulinga unapoishia. Yalianza polepole, na nilipovusha mkono kifuani kushika bega la upande wa pili nilihisi kama nachomwa msumari. Daktari aliniambia kiungo kimechoka kwa mzigo wa upande mmoja, akanipumzisha, na tangu hapo ninabadilisha mabega hata mteja akinihimiza.

Mara ya pili nilianguka na bodaboda maeneo ya Buguruni. Niliangukia bega, na kabla sijasimama nilijua kwamba kuna kitu kimevunjika, kwa sababu nilisikia mlio ndani ya mwili wangu. Mtulinga ulikuwa umekatika katikati, pale ambapo daktari alisema ndipo unapovunjika mara nyingi. Nilivikwa kitambaa cha kuning'iniza mkono kwa wiki 6, nikakatazwa kubeba chochote kwa muda mrefu zaidi ya huo. Ninalotaka wasomaji walijue ni hili: baada ya mfupa kuunga, pale palipovunjika palibaki fundo gumu ambalo bado linaonekana nikivaa singlendi. Mke wangu aliligusa usiku mmoja akaanza kulia, akidhani ni uvimbe mbaya. Tulirudi hospitali, tukaoneshwa kwenye picha ya eksirei kwamba ni mfupa mpya uliojijenga kuzunguka ufa. Hatukupoteza kitu kwa kurudi kuuliza, na mke wangu alilala.

Binti Temeke

Mwalimu, nimesoma maelezo yako mara mbili, na yangu nayaandika kwa ajili ya yeyote atakayepita hapa akiwa na uvimbe, hata kama wewe huna.

Mwaka juzi niliota uvimbe kama punje ya haragwe juu ya mtulinga wa kulia, ndani ya kile kishimo alichokieleza Mzee. Haukuuma. Nilikwenda kwenye duka la dawa la mtaani kwetu, muuzaji akautazama kwa mbali kutoka nyuma ya kaunta, akanipa vidonge vya siku 5, na baada ya hapo akanipa vya aina nyingine vya siku 7. Hakuniambia niende kupimwa, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijiona niko salama madhali sioni maumivu. Punje moja ikawa mbili, mbili zikashikana, na ndipo zilipoanza kuuma nikizigusa. Ngozi ya juu yake ikageuka rangi kuwa ya zambarau na kuwa nyembamba, na jioni moja nilipovua gauni nikakuta doa la majimaji mazito kwenye kola. Wakati huo nilikuwa nimepungua kilo 6 na shuka langu lilikuwa likilowa jasho kila usiku, mambo ambayo nilikuwa nimeyalaumu joto la Dar es Salaam.

Kituo cha afya walinipima makohozi na VVU, wakaniandikia rufaa, na huko nilikopelekwa walinyonya majimaji ya tezi kwa sindano nyembamba. Majibu yalikuwa kifua kikuu cha tezi. Sikuwa nikikohoa kabisa, na mpaka siku ile sikujua kwamba kifua kikuu huweza kukaa nje ya kifua. Nilitumia dawa kwa miezi 6, miwili ya mwanzo dawa za aina 4 na minne iliyofuata za aina 2, bila kulipia dawa hizo hata shilingi moja, kwa kuwa matibabu ya kifua kikuu nchini hutolewa bure. Niliogopa kwamba nimewaambukiza wanangu; muuguzi alinieleza kwamba kifua kikuu kilicho kwenye tezi peke yake kwa kawaida hakisambai kwa wengine, ingawa watoto walipimwa vilevile. Nimepona, kovu limebaki.

Miezi niliyoipoteza ni ile niliyokuwa nikimeza viuavijasumu bila kipimo. Kila nikimwona mtu amesimama dukani akionesha shingo yake, natamani kumshika mkono nimpeleke mwenyewe kituoni.

Mwalimu wa Kimara

Nawashukuru nyote, na Binti Temeke, Mungu akuzidishie afya. Mzee wangu Tabibu, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Kidole kilipotoka kwenye kigongo cha kidari kwenda kulia, kwa upana wa vidole viwili hivi, kilipapata pahali penyewe, na maumivu yakaja pale pale. Mtulinga wenyewe hauumi hata nikiubonyeza kwa nguvu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kishimo cha juu sikupata kitu pande zote mbili, wala kwapani. Nikivuta pumzi ndefu napahisi, na nikisukuma mlango mzito wa ofisi ya walimu napahisi zaidi.

Swali langu lililobaki ni la titi. Je, saratani ya matiti huweza kuanza kwa maumivu ya juu namna hii?

Tabibu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Umejipima vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha wodini, na ulichokieleza kinaelekea sana kwenye gegedu la ubavu wa pili.

Kuhusu titi nitakujibu bila kuzunguka. Tishu za titi hazikomi pale linapoonekana. Hupanda karibu na mtulinga na kuingia kwapani, kwa hiyo swali lako lina msingi. Saratani ya matiti mara nyingi huanza kwa uvimbe mgumu usiouma, au ngozi iliyovutwa ndani, au chuchu iliyogeuka au kutoa damu. Maumivu peke yake, ya pahali pamoja juu ya ubavu, si mwanzo wake wa kawaida. Lakini wewe ni mtoto wa mwanamke aliyeugua, na una miaka 41. Hata kama pahali hapa pangepona kesho, ningekutaka uende ukachunguzwe matiti na mikono ya mtaalamu, uwaeleze habari za mama yako na umri aliokuwa nao alipougua, nao waamue kama upigwe ultrasaundi au mamografia, yaani eksirei ya matiti. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mwananyamala. Wakiona haja, wao ndio wataandika rufaa ya kwenda Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Usianze kwa kukimbilia mbali.

Mkoba uhamishe, na ikiwezekana tumia ule wa kuvaa mgongoni kwa kamba mbili. Ndani ya mwendokasi shika kwa mkono wa kushoto. Dawa ya maumivu ya kawaida yaweza kukusaidia, ila kama una vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, muulize daktari kwanza ni ipi inayokufaa.

Mwalimu wa Kimara

Narudi baada ya siku 9, kwa sababu najua yapo macho yatakayosoma hapa usiku kama nilivyokuwa nikisoma mimi.

Nilikwenda. Daktari, mama wa makamo, aliniuliza nioneshe kwa kidole, nami nikaonesha pale pale bila kusitasita. Aliuminya mtulinga kwa vidole viwili kutoka kwenye koo mpaka begani, akapapasa vishimo vya juu nikiwa nimeketi na yeye akiwa nyuma yangu, akapapasa kwapa zote mbili, kisha akanilaza akachunguza matiti kwa utulivu mkubwa, akizungusha vidole polepole kuanzia nje kuelekea chuchu. Alipobonyeza ubavu wa pili nilitoa sauti. Picha ya kifua ilikuwa safi. Alisema ni gegedu, na kwamba kikohozi cha mwezi uliopita kilitosha kulianzisha na mkono wa kulia ukalizuia lisipone. Amenipa dawa ya maumivu ya siku 7 na kuniambia nirudi baada ya wiki 6, au mapema zaidi nikiona uvimbe, homa, au maumivu yakiniamsha usiku.

Matiti hakuona kitu, lakini kwa ajili ya mama ameniandikia mamografia. Aliniuliza kama nina dada. Ninaye mdogo wangu, ana miaka 36, anaishi Mbagala, na hajawahi kuchunguzwa hata siku moja. Nilimpigia simu nikiwa bado kwenye benchi la kusubiri dawa, na Jumatatu tunakwenda wote wawili.